Kipimo cha Bomba la Moshi: Somo Nililolipata Gereji ya Tandika

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka. Tunaichapisha kwa ombi la wengi waliohudhuria.)



Katibu wetu aliponiandikia alidhani nitazungumza juu ya utumishi wa serikali, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa nimesafiri kutoka Dodoma, ilikohamia wizara yangu, ili niwe nanyi leo. Nilimjibu kwamba juu ya mafaili mtasikia mengi maishani, hata yasiyo ya lazima. Mimi ningependa kuzungumza juu ya bomba la moshi la gari. Alicheka, akadhani natania. Sikuwa natania.

Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba najua wapo vijana wengi hapa wanaopenda magari, na nimewasikia asubuhi hii wakibishana chini ya mwembe kwamba gari likiwekewa bomba kubwa la moshi huongezeka mbio. Ya pili ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuamini hivyo, na imani yangu ile ilimfungia mtu gereji yake. Mtu huyo tulikaa dawati moja katika shule hii kwa miaka minne. Yupo humu ukumbini, na amenipa ruhusa ya kusimulia.

Tulipomaliza Kidato cha Nne mwaka 1997, mimi nilichaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano, yeye hakuchaguliwa. Nilikwenda zangu, na baadaye Mlimani, nikachukua shahada ya hesabu na fizikia. Yeye alikwenda kujifunza ufundi wa magari VETA, Chang'ombe, kisha akawa saidia fundi kwa watu, na hatimaye akafungua gereji yake mwenyewe Tandika, wilaya ya Temeke: bati nane juu ya nguzo, mashine moja ya kuchomelea aliyoinunua kwa mkopo, na kompresa moja. Mimi nilikuwa nimepanga Kinondoni. Kila Jumamosi nilipanda daladala mbili kwenda kukaa gerejini kwake, nikiwa mtazamaji na mshauri asiyeombwa ushauri.

Mwaka 2008 alikuja mteja kijana mwenye Toyota Corolla yenye injini ya 4A-GE, akataka itengenezwe kwa ajili ya mashindano madogo ya barabara za vumbi upande wa Kisarawe. Mwenzangu aliifungua injini yote. Akasafisha njia za hewa na za moshi katika silinda hedi, akafunga kamshafti zenye kufungua valvu kwa muda mrefu zaidi, akairudisha. Kilichobaki ni manifodi ya kutolea moshi. Ile ya kiwandani ilibana moshi, na mteja alitaka manifodi ya mabomba manne yaliyochomelewa, kila silinda na bomba lake. Swali likawa moja tu: mabomba hayo yawe na upana gani?

Mwenzangu alichukua bomba moja, akaliweka juu ya mlango wa moshi wa hedi, akalitazama, akaniambia: "Ndani iwe thelathini na nane, ndugu yangu. Isizidi hapo."

Mimi nilikuwa nimetoka kusoma gazeti moja la magari la Marekani. Humo niliona injini ya lita 5.7 yenye mabomba ya inchi 1¾, yaani karibu milimita 44, na picha ya gari likiacha moshi wa matairi nyuma yake. Nikamwambia mwenzangu kwamba milimita 38 ni woga. Nikamweleza habari ya msuguano na ya shinikizo, kwa maneno ambayo nilijua hayajui. Nikasema tuweke inchi 2 kabisa, ili moshi utoke bila kizuizi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Wewe ndiye uliyesoma." Akaenda kukata mabomba.

Ndugu zangu, maneno hayo matatu ndiyo yaliyonileta hapa leo.

Gari lilipowashwa lilinguruma hata watu wa mtaa wa pili wakatoka kuangalia. Nilifurahi sana. Lakini mwenzangu ana desturi ambayo nawasihi muige: gari likiingia kwake kwa kazi ya namna hii, hulipima kabla, na hulipima baada. Kwenye barabara ya ndani ya shamba, ambako mwenye shamba alituruhusu kuifunga njia, alikuwa amepima kwa saa ya mbio muda wa gari kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, likiwa gia ya tatu tu. Kwa manifodi ya kiwandani lilitumia sekunde 6.3. Kwa mabomba yangu ya inchi 2 lilitumia sekunde 7.0. Tulirudia mara tano, na jibu halikubadilika. Kelele ilikuwa imeongezeka, nguvu ilikuwa imepungua.

Mteja hakutaka kusikia maelezo. Alichukua gari lake, akakataa kulipa fedha iliyobaki, na akawaeleza wenziwe wote. Mwaka ule mwenzangu hakuletewa injini nyingine ya mashindano. Deni la mashine ya kuchomelea likamlemea, akauza kompresa, akafunga gereji, akaenda kuajiriwa katika gereji ya mtu mwingine Kinondoni, si mbali na nilipokuwa nakaa. Kwa muda wote huo hakumwambia mtu hata mmoja kwamba kipimo kile kilikuwa changu.

Sasa naomba niwaeleze vijana kosa lilikuwa wapi, kwa maana kosa lenyewe ni la darasani.

Watu wengi hudhani kwamba moshi hutoka injini kama maji yatokavyo katika bomba lililofunguliwa, mfululizo. Sivyo. Injini yenye silinda nne hutoa moshi kwa mapigo. Kila silinda hutoa pigo moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Valvu ikifunguka, moshi wenye joto na shinikizo kubwa huruka nje kwa kishindo, halafu bomba hukaa kimya mpaka zamu nyingine.

Pigo hilo likiwa na mbio nzuri ndani ya bomba hufanya kazi mbili. Kwanza, kwa kuwa moshi una uzito wake, ukishaanza kwenda hautaki kusimama. Nyuma yake huacha upungufu wa shinikizo, na upungufu huo huvuta masalio ya moshi yaliyobaki ndani ya silinda. Pili, wimbi la shinikizo hukimbia mbele mpaka mahali bomba linapofunguka katika bomba kubwa, na hapo hurudi nyuma likiwa wimbi la mvuto. Likirudi kwa wakati, yaani katika dakika ile fupi ambapo valvu ya moshi haijafunga na ya kuingiza hewa imekwisha anza kufunguka, husaidia kuvuta hewa mpya iingie. Hivyo bomba zuri huisaidia injini kupumua.

Chukueni mpira wa kumwagilia bustani. Ukiuacha mdomo wazi, maji huanguka miguuni pako. Ukiubana kidogo kwa kidole gumba, maji yale yale hufika mbali. Ukiubana kupita kiasi, maji hukatika na mpira huvimba. Bomba la moshi nalo ni hivyo. Likiwa jembamba mno, pistoni hulazimika kusukuma moshi kwa nguvu ambayo ingekwenda kwenye magurudumu, joto hubaki katika hedi, na valvu huungua. Likiwa pana mno, moshi hupoteza mbio, mvuto hufa, na katika mizunguko ya chini moshi hata huweza kurudi ndani ya silinda.

Ni kiasi gani cha mbio kilichopotea kwa bomba langu? Hesabu ni ya Kidato cha Pili. Nafasi ya bomba hufuata mraba wa kipenyo chake. Bomba langu la inchi 2, ukitoa unene wa ukuta wake wa milimita 1.5 kila upande, lilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 48. Gawanya 48 kwa 38, halafu zidisha jibu kwa lenyewe: unapata karibu 1.6. Yaani nafasi iliongezeka kwa sita ya kumi, na mbio za moshi ule ule zikashuka hadi kiasi cha asilimia 63. Milimita kumi tu, ambazo kwa macho si kitu, ziliondoa zaidi ya theluthi ya mbio.

Na lile gazeti la Marekani? Gazeti halikudanganya, ila mimi sikugawanya. Injini ya lita 5.7 ina silinda 8. Kila silinda ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 712. Injini yetu ya sentimita 1,587 ina silinda 4. Kila moja ni 397. Bomba la milimita 44 lilikuwa linahudumia silinda iliyokaribia kuwa mara mbili ya silinda yetu, na mimi nikaenda kuweka pana zaidi ya hilo. Kwa kosa hilo, mwalimu wetu wa hesabu angenisimamisha nje ya darasa, na ningestahili.

Mwaka mmoja baadaye nilikipata kitabu cha A. Graham Bell juu ya kuongeza nguvu za injini, kilichotolewa mwaka 1981. Ndani yake mna kanuni mbili, moja ya urefu wa bomba na moja ya upana. Naomba wenye kalamu waandike.

Kwa urefu: tafuta valvu ya moshi hufunguka nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika chini kabisa, jumlisha na 180. Zidisha jibu kwa 850. Gawanya kwa mizunguko ya injini kwa dakika, ile ambayo unataka injini ivute vizuri zaidi. Toa 3. Jibu ni urefu wa kila bomba kwa inchi, tangu kwenye valvu.

Kwa upana: chukua urefu huo, jumlisha 3, zidisha kwa 25. Gawanya ujazo wa silinda moja kwa jibu hilo. Tafuta kipeuo cha pili. Zidisha kwa 2.1. Jibu ni kipenyo cha ndani kwa inchi.

Kwenye injini ile valvu ya moshi ilifunguka nyuzi 60 kabla ya chini kabisa. Tuliwahi kuipima sisi wenyewe wakati wa kuifunga, kwa duara la karatasi ngumu lililochorwa nyuzi 360 kwa kipimapembe cha mkebe wa shule na kufungwa mbele ya kranki. Basi 180 na 60 ni 240. Mara 850 ni 204,000. Barabara za vumbi hutaka injini ivute vizuri kuelekea mizunguko 6,500. Gawanya: 31.4. Toa 3: inchi 28.4, yaani milimita 721. Kwa upana: 31.4 mara 25 ni 785. Gawanya 397 kwa 785: 0.506. Kipeuo chake ni 0.711. Mara 2.1 ni inchi 1.49.

Inchi 1.49 ni milimita 38.

Nilifanya hesabu hiyo ofisini, saa ya chakula cha mchana, nyuma ya bahasha ya serikali. Nilipoliona jibu niliweka kalamu chini. Kisha nikafanya hesabu kinyume: bomba langu la milimita 48 lilifaa mizunguko mingapi? Jibu lilikuwa kama 10,400 kwa dakika. Injini ile haikutakiwa kupita 7,500. Nilikuwa nimemtengenezea mwenzangu bomba la injini ambayo haikuwapo.

Kwa faida yenu, nimeifanya hesabu hiyo kwa silinda ile ile na kamshafti ile ile katika mizunguko mingine. Ukitaka injini ivute vizuri kwenye mizunguko 5,000, yaani gari la kupanda milima na kubeba watu, unapata kipenyo cha milimita 33 na urefu wa milimita 960. Ukitaka 7,500, unapata milimita 41 na urefu wa milimita 615. Mnaona wenyewe kwamba swali la kwanza halihusu bomba. Swali la kwanza ni: gari hili litafanya kazi gani, na injini itakaa mizunguko mingapi muda mwingi? Asiyeweza kujibu hilo asinunue bomba. Aidha, kanuni hizi ni za injini inayopumua yenyewe. Magari yenye tabo, kama Subaru na Mitsubishi tunazoziona katika mashindano ya leo, yana hesabu nyingine, kwa sababu moshi wake hupita kwanza katika tabo na kuizungusha.

Nilikwenda Kinondoni jioni ile ile, nikiwa na bahasha yangu mkononi. Mwenzangu alikuwa chini ya gari la mtu. Alitoka, akafuta mikono, akaisoma hesabu yote mpaka mwisho, pole pole. Nilimwomba radhi. Akasema: "Mimi nilikuambia thelathini na nane." Hakusema zaidi ya hapo. Nilimwuliza alijuaje. Alinijibu kwamba mlango wa moshi katika hedi wenyewe huonyesha. Bomba likiwa dogo kuliko mlango ni kosa, likizidi kidogo ni sawa, likizidi sana gari huwa zito chini. Alikwisha fungua manifodi nyingi na kuyasikia magari yake kabla na baada. Hiyo nayo ni hesabu, ila imeandikwa mahali pengine.

Tulikubaliana kulirekebisha gari lile kwa gharama yangu. Tulimfuata mteja mara tatu, ndipo akakubali kutuachia gari kwa siku nne, akisema hatalipa hata senti moja.

Hapa nataka kuwaonya juu ya dukani. Tulimtuma saidia fundi Gerezani kununua bomba la inchi moja na nusu. Akarudi na bomba la maji, lile jeupe lililopakwa zinki. Kumbe jina moja ni vitu viwili. Bomba la maji la inchi 1½ hutajwa kwa nafasi ya ndani, tena kwa kukadiria tu: nje lina milimita 48, na ndani kama 41 au 42. Bomba jembamba la chuma, lile wanalotumia mafundi wa vitanda na wa ekzosi, hutajwa kwa kipenyo cha nje: la inchi 1½ lina milimita 38 nje, na ukitoa kuta mbili za milimita 1.5, ndani ni 35 tu. Sisi tuliyetaka 38 ndani tulihitaji la inchi 1⅝, ambalo nje ni milimita 41. Basi msiseme "inchi moja na nusu" mkaondoka. Nendeni na venia, pimeni ndani, pimeni ukuta, ndipo mlipe.

Na lile bomba la zinki halifai kabisa kwa kazi hii. Zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907 za sentigredi, wakati chuma chenyewe bado hakijayeyuka, hivyo anayechomelea huvuta moshi mweupe wa zinki. Kijana yule, kwa bidii yake, alianza kulichomelea kabla sisi hatujafika. Usiku alishikwa na homa na kutetemeka kana kwamba ana malaria, kifua kikabana. Alipona siku ya pili, lakini tulikesha naye. Mafundi wengi huamini kwamba maziwa ni dawa ya moshi huo. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayatoi mvuke wa chuma kifuani. Dawa ni kutouvuta.

Kazi ilipoanza upya tulifanya hivi. Mabomba manne ya ndani milimita 38, urefu sawa kwa kadiri ya uwezo wetu. Injini ile huwaka kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2, kwa hiyo tuliunganisha bomba la kwanza na la nne, la pili na la tatu, ili mapigo yanayokutana yawe yamepishana sawasawa. Mabomba mawili yaliyopatikana yalikuwa na kipenyo cha karibu milimita 50, nayo yakaungana kuwa moja. Namna hii ya nne kwa mbili kwa moja huipa injini mvuto mpana. Ile ya nne kwa moja hupendelea mizunguko ya juu. Bamba la kufungia kwenye hedi tulilikata nene, milimita 10, lisije likapinda kwa joto na kuunguza gasketi. Tukaweka na kishikizo chini, kwa maana manifodi isiyoshikwa hupasuka kwenye mashimo ya barabara zetu. Tena tukarudisha sailensa nzuri. Nguvu iliyopatikana kwa hesabu haina haja ya kumwamsha mgonjwa wa jirani.

Kisha tukarudi shambani na saa ya mbio. Kilomita 40 hadi 80, gia ya tatu, mara tano. Sekunde 5.8.

Mteja aliendesha mwenyewe. Alirudi, akazima gari, akakaa kimya. Kesho yake alileta fedha yote iliyobaki, na mwezi uliofuata akaleta rafiki yake. Mwaka 2011 bati nane zilisimama tena Tandika. Sasa ni ishirini na nne, na vijana sita wanajifunza pale.

Ndugu wanafunzi, wapo watakaosema kwamba nguvu ya chini na ya kati ni ya watu wazima, na kwamba vijana wanataka mizunguko ya juu. Nawakumbusha historia yetu wenyewe. Mwaka 1966 na mwaka 1967 mbio za East African Safari, zilizokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanzania, zilishindwa na mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, pamoja na Chris Rothwell. Walitumia Peugeot 404, gari la familia, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,618, karibu sawa na ile ya mteja wetu. Mwaka 1968 mvua ilikuwa kubwa hata magari 93 yalipoanza, ni 7 tu yaliyofika. La kwanza lilikuwa tena Peugeot 404, safari hii la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Katika tope na vumbi la nchi hizi, gari linaloshinda ni lile linalovuta kutoka chini, na linalofika.

Sikuja kuwaambia kwamba elimu ya darasani haina maana. Kanuni niliyowapa ni ya darasani, na ndiyo iliyonionyesha kosa langu. Lakini angalieni mfuatano wa mambo. Mwenzangu alikuwa na jibu sahihi mkononi tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na uwezo wa kulihakiki kwa dakika kumi, nyuma ya bahasha. Sikufanya hivyo, nilitumia shahada yangu kumnyamazisha badala ya kuitumia kuhesabu. Hasara aliilipa yeye. Katika utumishi wangu nimeona jambo hilo hilo likitokea mahali pasipo na injini wala bomba, na kila mara aliyelipa hakuwa yule aliyetoa shauri.

Namaliza kwa pendekezo. Mwalimu wa fizikia ameniambia kwamba maabara ya shule ina venia mbili, na moja haifungi. Ninaomba kila darasa la zamani lililoko hapa lichangie angalau venia mbili na saa moja ya mbio. Darasa letu la 1997 limeanza: ziko ndani ya sanduku lile pale mezani. Na mwenzangu, ambaye sasa naona anainamisha kichwa asitambuliwe, amekubali kuja Jumamosi moja kila muhula na injini iliyokatwa, awaonyeshe vijana moshi unapita wapi.

Akija, mwulizeni maswali. Na akiwapa kipimo, msimbishie kabla hamjahesabu.